Mtoto mkubwa bado ananyonya kidole? Msaidie aache bila pilipili wala aibu

Jioni moja mama mmoja alifika zahanati akiwa amemshika mkono mwanawe wa miaka 8, mwanafunzi wa darasa la pili. Jicho la kulia la mtoto lilikuwa jekundu, limevimba, na machozi hayakatiki. Nilipouliza amepatwa na nini, mama alinyamaza kwanza. Kisha akasema kwa sauti ya chini: "Nesi, nilimpaka pilipili kwenye kidole. Si ulituambia wewe mwenyewe tupake kitu kichungu?"

Ni kweli nilisema. Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nikifundisha usafi wa mikono kliniki. Mama mmoja akauliza kuhusu mtoto mkubwa anayenyonya kidole, nami nikajibu harakaharaka, "Paka kitu kichungu," nikaendelea na somo. Sikueleza kitu gani, kwa mtoto wa umri gani, wala kitu hicho kinasaidia nini. Mama huyu alipaka pilipili wakati wa kulala. Usiku mtoto akajifikicha macho.

Jicho lilipona. Lakini tangu siku ile swali hili silijibu tena nikiwa nimesimama. Makala hii ni jibu nililopaswa kutoa siku ile ya kliniki. Ni kwa ajili ya mama, baba, bibi, shangazi na kila mlezi mwenye mtoto wa miaka 4 na kuendelea ambaye bado kidole hakijatoka mdomoni. Habari za mtoto huyo nimezieleza kwa ridhaa ya mama yake, na baadhi ya mambo nimeyabadilisha ili asitambulike.

Kwa nini mtoto hunyonya kidole?

Kunyonya ni jambo ambalo mtoto huzaliwa nalo. Hata kwenye kipimo cha ultrasaundi, mtoto aliye tumboni huweza kuonekana akiwa na kidole mdomoni. Akizaliwa, kunyonya humpa chakula, lakini pia humtuliza. Ndiyo maana mtoto mchanga aliyeshiba bado huitafuta ngumi yake.

Anapokua, hujifunza njia nyingine za kujituliza: kusema, kulilia mama, kucheza, kukumbatiwa. Watoto wengi huacha kidole wenyewe kati ya miaka 2 na 4. Wachache huendelea mpaka wanaanza shule, na kwao jambo hili limeshakuwa mazoea. Mkono hupanda mdomoni wenyewe, kama mtu mzima anavyotikisa mguu akiwa amekaa, bila kujua kwamba anautikisa. Ukimwuliza, "Kwa nini unanyonya kidole?" atakutazama tu. Si jeuri. Hana jibu.

Hili ndilo ninaloomba ulishike katika makala yote: mtoto mkubwa hanyonyi kidole kwa ukaidi. Kidole kinamfanyia kazi fulani. Kinamletea usingizi, kinampunguzia hofu, kinamwondolea upweke, au kinamshughulisha akiwa hana la kufanya. Ukikinyang'anya bila kumpa kitu kingine cha kufanya kazi hiyo, atanyonya kwa kujificha, au atahamia kwenye kung'ata kucha.

Akina mama wengi huambiwa, "Hukumnyonyesha vya kutosha, ndiyo maana." Usijilaumu kwa hilo. Ninaowaona kliniki ni pamoja na watoto walionyonya ziwa miaka miwili kamili na bado kidole wakakipenda.

Ni umri gani tuanze kushughulika?

*Chini ya miaka 3:* usifanye vita. Mpe kitu cha kushika, mshughulishe, mwoshe mikono. Wengi wataacha.

*Miaka 4 hadi 5:* anza kumsaidia kwa upole, hasa kama ananyonya kwa nguvu na kwa saa nyingi. Yule anayeweka kidole dakika chache tu akisinzia hana hatari sawa na yule anayenyonya mchana kutwa na usiku kucha.

*Miaka 6 na kuendelea:* huu ni wakati wa kufanya kazi kwa mpango. Karibu na miaka 6 au 7 meno ya utoto ya mbele huanza kung'oka, na ya ukubwa huota: kwa kawaida ya chini hutangulia, kisha ya juu. Meno haya ndiyo atakayokuwa nayo maisha yake yote. Kidole kikiacha mdomo kabla hayajaota au yanapoanza tu kuota, mara nyingi meno na taya hujirekebisha vyenyewe kwa kiasi kikubwa. Kikiendelea kwa miaka baada ya hapo, marekebisho huwa magumu na ya gharama.

Kwa hiyo ukiona mwanao ana pengo la mbele na jino jipya linachungulia, ujue wakati wenyewe ndio huo.

Kidole kinadhuru nini?

Kidole gumba kikikaa mdomoni saa nyingi husukuma meno ya juu kwenda mbele na ya chini kwenda nyuma. Mashavu nayo, yakivuta wakati wa kunyonya, hubana taya la juu likawa jembamba na kaakaa likaingia juu. Matokeo yake ni haya:

- Meno ya juu hutokeza nje, na huvunjika kwa urahisi mtoto akianguka.
- Uwazi hubaki mbele. Mtoto akifunga magego, meno ya mbele ya juu na ya chini hayakutani. Hawezi kukata vizuri mkate au muhogo wa kuchemsha kwa meno ya mbele, huupeleka pembeni.
- Matamshi ya sauti kama s, z na th huweza kuathirika, kwa sababu ulimi hupenya kwenye uwazi ule.
- Ngozi ya kidole hupata sugu, hupasuka, na pembeni mwa ukucha huweza kutunga usaha, ule ambao wengi tunauita mdudu wa kidole.
- Uchafu na mayai ya minyoo yaliyojificha chini ya kucha hupata njia ya kuingia tumboni.
- Wenzake humcheka. Kwa mtoto wa shule hili huumiza kuliko meno yenyewe.

Uwazi wa meno ya mbele si jambo geni kwetu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, watoto 1,601 wa umri wa miaka 12 hadi 14 katika shule za msingi za Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam, walipimwa mpangilio wa meno yao. Zaidi ya 15 kati ya kila 100 walikuwa na uwazi huo. Si wote waliupata kwa sababu ya kidole, maana uwazi una sababu nyingi, nyingine za kurithi. Lakini kidole ni mojawapo ya sababu ambazo sisi nyumbani tunaweza kuziondoa.

Mwangalie mwenyewe nyumbani

Mkalishe mtoto mahali penye mwanga. Mwambie afunge magego kama anayetafuna, kisha afungue midomo aseme "iii". Tazama meno ya mbele. Je, ya juu yanafunika ya chini kidogo, au kuna tundu ambalo unaona ulimi? Mtazame pia kutoka pembeni: je, meno ya juu yametokeza?

Kisha tazama vidole. Kidole kinachonyonywa hujulikana: huwa kisafi kuliko vingine, kimekunjamana, au kina sugu juu ya kiungo.

Usimtishe kwa unachokiona. Usiseme, "Ona ulivyoharibika." Mwonyeshe kwenye kioo, umwambie, "Hapa kidole kimesukuma. Tukikipumzisha, meno yatapata nafasi ya kurudi."

Mambo ya kuacha leo

*Pilipili.* Ukali wa pilipili hushika kwenye ngozi kama mafuta, wala hautoki kwa maji matupu. Mtoto akilala atajifikicha macho. Ikiwa imeshatokea, mnawishe mikono kwa sabuni, kisha osha jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 15, na umpeleke kituo cha afya kama jicho bado linauma, ni jekundu au haoni vizuri. Usimtilie maziwa ya ziwa, chai wala dawa ya macho ya jirani.

*Mafuta ya taa, kinyesi cha kuku, nyongo, mafuta ya mwarobaini.* Hivi vyote nimeambiwa na walezi kwamba vimetumika. Mafuta ya taa yakipaliwa huharibu mapafu. Mafuta ya mwarobaini yakimezwa huweza kumdhuru mtoto vibaya. Kinyesi kina vimelea vya magonjwa.

*Kufunga kidole kwa uzi au mpira.* Damu haipiti, kidole huweza kufa ganzi na kuoza.

*Kipigo na vitisho.* "Kidole kitakatwa," "Kitakwisha," "Nitamwita mwalimu." Hofu ndiyo inayompeleka kwenye kidole, na kwa vitisho hivi unamwongezea.

*Kumsema mbele za watu.* Hapa nitamgusa bibi, kwa heshima zote. Huku kwetu Pwani bibi na mjukuu ni watani, na utani wao ni mtamu. Lakini utani wa "Mume wangu huyu bado ananyonya" mbele ya wenzake humfanya mtoto ajione hafai. Bibi atanie mengine yote, kidole akiache kwa muda.

Na shubiri je? Wazee wetu wameitumia kuachisha ziwa. Kitu kichungu hakimfundishi mtoto lolote. Kinaweza tu kumkumbusha kwamba mkono umepanda. Kwa hiyo hufaa kwa mtoto mkubwa ambaye amekubali kuacha na mwenyewe ameomba akumbushwe, na hapo ni bora utumie dawa chungu ya kucha iliyotengenezwa kwa watoto, kwa ushauri wa mfamasia. Ukimpaka kwa nguvu, atailamba mpaka iishe, au atakiosha kidole, au atahamia kidole kingine.

Hatua za kumsaidia

Njia ninayoieleza hapa ina mizizi katika kazi ya wanasaikolojia wawili wa Marekani, Azrin na Nunn, ambao mwaka 1973 walichapisha namna ya kuvunja mazoea kwa hatua mbili kuu: mtu ajue ni lini anayafanya, kisha awe na kitendo kingine cha kufanya badala yake. Baadaye, mwaka 2015, watafiti wa Cochrane walikusanya majaribio 6 yenye watoto 252 kuhusu kuacha kunyonya kidole na chuchu bandia. Waliona kwamba watoto waliosaidiwa kwa kutiwa moyo na kutuzwa, au kwa kifaa cha kuwekwa kinywani, waliacha zaidi kuliko walioachwa bila msaada wowote, ingawa walisema pia kwamba ushahidi uliopo si wa nguvu sana. Mimi nimeona kliniki kwamba kutia moyo ni kwa bure, na hakumuumizi mtoto jicho.

*1. Mchunguze kwa siku tano bila kusema kitu.* Andika kwenye daftari: kidole kimepanda saa ngapi, alikuwa wapi, nini kimetangulia. Kwa kawaida utaona nyakati chache zinazojirudia: akisinzia, akitazama televisheni, akiwa na njaa, akigombezwa, akimsubiri mtu.

Kwa yule mtoto wa miaka 8, mama hakuwa na muda wa kuandika, basi aliandika bibi yake, kwa mistari tu ukutani kwa mkaa. Zegereni yetu ina viwanda vilivyojengwa jirani na mashamba ya mikorosho na mihogo, na mama huyu alikuwa ameanza kazi kiwandani, zamu ya usiku. Mistari ya bibi ilionyesha kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiona: wiki ambazo mama yuko zamu ya mchana, kidole kilikuwa kidogo. Wiki za usiku, mtoto alinyonya tangu magharibi mpaka asubuhi, mkono mwingine ukiwa umeshika kanga ya mama yake.

Mama aliposikia hivyo alilia. Nilimwambia ninalokuambia na wewe: kazi yako si kosa. Kazi ndiyo inayoleta unga na daftari za shule. Lakini sasa tunajua kidole kinaziba pengo gani, tunajua pa kuanzia.

*2. Zungumza naye mkiwa wawili.* Chagua wakati wa utulivu, si wakati kidole kiko mdomoni. Mwulize: "Wewe ungependa kukiacha?" Msikilize. Mtoto wa miaka 7 au 8 mara nyingi anataka, maana shuleni wanamcheka. Akisema hataki, usimlazimishe. Mwonyeshe meno kwenye kioo, subiri wiki mbili, uulize tena. Mtoto asiyekubali hawezi kuachishwa, atafundishwa kujificha tu.

*3. Anzeni na wakati mmoja tu.* Usimwambie, "Kuanzia leo usinyonye tena." Chagueni wakati ulio rahisi, kwa mfano anapotazama televisheni au anapokuwa shuleni. Usiku uacheni mwisho, ndio mgumu kuliko zote.

*4. Mfundishe kitendo cha badala.* Kilicho rahisi ni hiki: mkono ukianza kupanda, afumbate ngumi, kidole gumba kikiwa ndani ya vidole vingine, ahesabu polepole mpaka 20. Mwambie kwamba kidole kimeingia nyumbani kwake kulala. Fanyeni mazoezi pamoja mara kadhaa kwa siku, hata wakati hahitaji, ili mwili uzoee.

Mikono yenye kazi pia haipandi mdomoni. Mpe mdako, gololi, udongo wa kufinyanga. Mpe mahindi ya kupukuchua au mchicha wa kuchambua mkiwa mnapika. Bibi anayesuka ukili amfundishe mjukuu, wa kike na wa kiume. Hakuna anayeweza kusuka ukili kidole kikiwa mdomoni.

*5. Wekeni ishara yenu ya siri.* Badala ya kumpigia kelele "Toa kidole!" mbele ya wageni, gusa sikio lako au mguse begani. Yeye peke yake ajue maana yake. Ishara inamkumbusha bila kumfedhehesha.

*6. Sifia na weka alama.* Tafuta kalenda ya ukutani au karatasi. Kila siku aliyofaulu kwa ule wakati mliochagua, achore nyota yeye mwenyewe. Nyota tano, apate zawadi ndogo mliyokubaliana: kwenda nawe sokoni Mlandizi, kuchagua mboga ya Jumapili, kusimuliwa hadithi ndefu. Pipi na soda zisiwe zawadi, tusiokoe meno upande mmoja tukayaozesha upande mwingine. Siku aliyoshindwa, iachwe tupu. Nyota aliyokwisha kuipata usimfutie kwa sababu ya kosa la leo.

*7. Wakati wa kwanza ukikaa sawa kwa wiki mbili, ongezeni wa pili.* Hivyo hivyo mpaka mchana wote umekuwa huru.

Usiku

Usiku mtoto hajitawali, kwa hiyo anahitaji vitu viwili: utulivu kabla ya kulala, na kitu cha kumkumbusha akiwa usingizini.

Kuhusu utulivu, mpe chakula mapema, mwogeshe, zima televisheni, kaa naye dakika kumi. Kama hupo, yupo bibi, baba au dada mkubwa: mtu mmoja na utaratibu mmoja kila siku. Kwa mtoto wetu wa zamu za usiku, mama alifunga fundo kwenye kanga yake kabla ya kutoka kwenda kazini, akamwambia, "Hili ni langu na wewe. Nikirudi asubuhi tutalifungua pamoja." Mtoto alishika fundo kwa mkono uleule aliokuwa akiunyonya.

Kuhusu kumbusho, mvalishe soksi safi nyepesi ya pamba mkononi, au zungusha plasta au kitambaa laini kwenye kidole, bila kubana. Soksi si adhabu, ni mlinzi wa usiku, na yeye mwenyewe ndiye aivae. Kwa joto letu akiivua usiku wa manane usimwamshe kumgombeza. Ukimkuta kidole kimeingia, kitoe taratibu akiwa amelala.

Nyumba nzima iwe na sauti moja

Mpango huu huvunjika pale mama anaposifia na mjomba anakuja kucheka. Waeleze wote wanaolala nyumba hiyo, na jirani anayekushikia mtoto. Mweleze pia mwalimu wa darasa na ustadhi wa madrasa, kwa faragha, uwaombe wamsaidie kwa ishara, si kwa fimbo wala kwa kumsimamisha mbele ya wenzake.

Na wakati mnasubiri kidole kiondoke, hakikisheni ni kisafi. Kata kucha kila wiki. Aoshe mikono kwa sabuni akitoka chooni, kabla ya kula, akitoka kucheza, na kabla ya kulala. Kibuyu chirizi karibu na choo hakigharimu kitu. Dawa za minyoo zinapotolewa shuleni, hakikisha amezimeza.

Kikirudi

Kitarudi. Akiugua homa, akihamishwa shule, akizaliwa mdogo wake, kidole kinaweza kurudi kwa siku kadhaa. Usiseme, "Nilijua tu." Sema, "Kimekuja kukutembelea. Wiki ijayo tuanze tena nyota." Mara ya pili huwa fupi kuliko ya kwanza. Kwa watoto wengi kazi yote huchukua wiki kadhaa mpaka miezi miwili au mitatu.

Lini uende kituo cha afya?

Nenda ikiwa:

- kidole kina usaha, kimevimba au kina kidonda kisichopona;
- meno ya mbele hayakutani, yametokeza, au taya linaonekana kwenda upande;
- mtoto ana miaka 6 au zaidi na mmejaribu kwa miezi mitatu bila mafanikio;
- anapata shida ya kutamka, au anapumua kwa mdomo muda wote na kukoroma usiku;
- alikuwa ameshaacha, kisha ghafla ameanza tena, na amekuwa mwoga, hataki shule, hataki kwenda kwa mtu fulani, au anakojoa kitandani.

Hilo la mwisho lisikupite. Mtoto anayerudi ghafla kwenye tabia za utotoni anaweza kuwa amefiwa, anaonewa, anapigwa au anafanyiwa ukatili ambao hana maneno ya kuusimulia. Kaa naye, msikilize, mwamini. Unaweza kuzungumza na afisa ustawi wa jamii, kwenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, au kupiga namba 116, simu ya bure ya msaada kwa mtoto Tanzania.

Anza na zahanati au kituo kilicho karibu nawe. Kwa sisi wa Kibaha na jirani zetu, rufaa ya mkoa ni Hospitali ya Tumbi. Mwone daktari wa kinywa na meno. Akiona inafaa, anaweza kushauri kifaa kidogo kinachowekwa nyuma ya meno ya juu kwa miezi kadhaa, ili kidole kikiingia kisipate raha. Kifaa hicho hufaa kwa mtoto aliyekubali, si cha kumkomesha. Uliza gharama mapema, na uliza kama bima yako inaihusu. Usikubali mtoto akatwe kimeo au ang'olewe meno mtaani kwa madai kwamba ndiyo dawa ya kidole. Si dawa, na inaua kwa damu na maambukizi.

Yule mtoto

Ilichukua wiki kumi na moja. Wiki ya sita alipata malaria, kidole kikarudi, nyota zikakoma siku nane. Mama alitaka kukata tamaa. Bibi akasema, "Mtoto hajaanguka, amejikwaa," wakaendelea.

Sasa ana miaka 9. Uwazi wa meno yake ya mbele umepungua, haujafunga wote. Daktari wa meno amesema watazidi kumwangalia kila baada ya miezi sita. Nilipokutana naye njiani juzi alinionyesha meno yote kabla hata ya kuniamkia, kisha akakumbuka: "Shikamoo, nesi."

Mama, mwanao akikuuliza leo kwa nini huna hasira tena na kidole chake, mwambie tu ukweli: mmekuwa upande mmoja. Tafuta kalenda na kalamu, mwite mkae wawili, mchague wakati wa kuanzia.